Risiva imejipima yenyewe, sauti imekuwa mbaya kuliko mwanzo: tuelewane kuhusu setingi za spika

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam. Nimeanzisha huu uzi kwa sababu swali ni lile lile linajirudia kila siku. Mtu kanunua risiva ya homu thieta (ile mashine inayoziendesha spika zote), kachomeka ile maiki ndogo inayokuja kwenye boksi, risiva ikapiga vile vimlio vyake spika moja baada ya nyingine, mwisho ikaandika imekamilika, jamaa anaweka filamu kwa hamu zote anakuta besi imekonda, maneno ya waigizaji anayasikia kwa taabu, afu mlipuko ukija unataka kutoboa masikio. Filamu nzima kashika rimoti, anapandisha anashusha. Wengine wanafuta vipimo vyote wanarudi walikokuwa na wanaapa kwamba hii kitu ya kujipima haina maana.

Mimi yalinikuta hayo hayo na nilikaa nayo muda mrefu kabla sijaelewa kosa liko wapi. Nitaandika nilichokielewa, kirefu, mwenye nyongeza aongeze, mwenye kupinga apinge ila aje na sababu.

Cha kwanza kabisa shika hiki: mashine inapima vizuri sana ila haijui inapima nini. Haioni kochi, haioni kabati, haijui kwamba feni inazunguka. Kilichofika kwenye maiki ndo ukweli wake wote. Kwa hiyo wewe una kazi mbili tu, kuipa maiki mahali pazuri pa kusikilizia, na ikishamaliza uingie kwenye menyu ukague majibu yake namba kwa namba.

Hizi programu za kujipima, iwe Audyssey ya Denon na Marantz, YPAO ya Yamaha, MCACC ya Pioneer, ARC ya Anthem au Dirac Live, majina ni tofauti lakini zote zinatafuta vitu vinne: spika inashuka mpaka besi ya wapi, iko mbali kiasi gani, inapiga kwa nguvu kiasi gani, na chumba kinaichafua sauti yake vipi. Hivyo vinne ndo huu uzi mzima.

Naanza na maiki maana hapo ndo nilipoharibu. Mara ya kwanza niliilaza juu ya egemeo la kochi, pale kichwa kinapolala, nikaona nimefanya la maana kwa sababu ndipo masikio yalipo. Kumbe sauti inafika kwenye maiki mara mbili, moja kwa moja kutoka kwenye spika na nyingine imegonga lile egemeo, na hizo mbili zikikutana masafa ya juu yanavurugika, risiva nayo inaanza "kurekebisha" kasoro ambayo mimi nikikaa siisikii kabisa. Na feni ilikuwa imewashwa. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama katikati ya maiki na spika ya kulia nikiangalia TV inasema nini.

Safari ya pili nilitumia stendi ya kamera ya miguu mitatu, maiki ikaangalia juu kwenye dari, urefu wa sikio nikiwa nimekaa, imetoka mbele ya egemeo kama sentimita 20 hadi 30 ili isigusane na kochi. Feni zima, friji kama iko karibu chomoa kwa dakika chache, dirisha funga, watu watoke, na wewe kaa pembeni chini usitembee. Chumba kile kile na spika zile zile, majibu yakaja tofauti kabisa. Ile mara ya kwanza ilikuwa imekata trebo (sauti nyembamba za juu) mpaka sauti ikawa kama imefunikwa blanketi.

Kituo cha kwanza cha maiki ndo muhimu kuliko vyote. Kwenye Audyssey umbali na levo (nguvu ya sauti ya kila spika) vinachukuliwa pale, kwa hiyo kiwe pale pale unapokaa wewe, katikati. Hizo sehemu zingine (zinafika 8 kwenye matoleo makubwa, 6 kwenye madogo) ni za kuisaidia ielewe chumba, usizisambaze mpaka pembeni mwa ukuta eti ili kila mgeni apate sauti nzuri. Zizungushe karibu na kiti chako, nusu mita huku nusu mita kule, mbele kidogo, urefu ule ule. Ukizitawanya sana inatafuta wastani wa sehemu ambazo hakuna anayekaa.

Naendelea na vipimo vyenyewe, ila nitangulie kusikia wenzangu mmekwama wapi.

#2 Mdau

Mkuu umekuja wakati mwafaka. Mimi yangu imemaliza imeniandikia sabufa (ile spika ya besi peke yake) iko mita 5 na kitu wakati nikipima kwa tepu ni mita 3 na nusu hata haifiki. Spika zingine zote ziko sawa sawa na tepu. Nimeirekebisha nikaweka namba ya kweli lakini naona kama besi ndo imezidi kupotea. Maiki mbovu au?

#3 Mleta uzi

Mdau wa #2, rudisha ile namba yake saivi kabla hujaendelea kusoma. Nasema hivyo kwa sababu nami nilifanya kosa hilo hilo na lilinisumbua kuliko yote. Yangu iliandika mita 5.6, tepu ikasema 3.4, nikasema mashine imekosea nikaweka 3.4. Kilichofuata ni kwamba gitaa la besi likawa linasikika noti moja na kupotea noti inayofuata, nikaenda kugombana na sabufa ambayo haina kosa.

Hilo neno "umbali" kwenye menyu linatupotosha. Risiva haijui mita, inachojua ni muda. Inapiga mlio, inahesabu milisekunde ngapi zimepita mpaka maiki isikie, afu inageuza kuwa mita kwa mwendo wa sauti ambao ni kama mita 343 kwa sekunde. Mita moja ni milisekunde 2.9 hivi. Sasa spika ya kawaida ni waya tu, umeme ukifika inalia. Sabufa ina amplifaya yake ndani, ina filta zake, nyingi za siku hizi zina na prosesa ya kidijitali, na hivyo vyote vinachelewesha sauti kabla haijatoka. Ule ucheleweshaji risiva inausoma kama umbali. Kwangu ile tofauti ya mita 2.2 ni milisekunde 6 na nusu hivi ambazo sauti ilikuwa inapotelea ndani ya sabufa yenyewe.

Na kwa nini besi inakufa ukiweka namba ya tepu? Chukua mfano wa 80 Hz (Hz ni mitetemo kwa sekunde, ikiwa ndogo ndo besi nzito zaidi), pale ambapo sabufa na spika za mbele zinapokezana kazi. Wimbi la 80 Hz lina urefu wa kama mita 4.3. Nusu yake ni mita 2 na kidogo. Yaani ukiidanganya risiva kwa mita 2, spika za mbele zinasukuma hewa wakati ule ule sabufa inaivuta. Zinafutana. Huna besi pale, na ukipandisha sabufa inaongezeka ile ya chini kabisa tu, lile shimo linabaki pale pale.

Kwa hiyo spika za kawaida namba zikija karibu na tepu, sawa, zikipishana sana kagua (mara nyingi maiki ilikuwa imezibwa na kitu). Sabufa ikija na mita nyingi kuliko za kweli, iache. Ndo inavyotakiwa.

#4 Mdau mwingine

Darasa zuri. Ila kuna kitu kinaniuma, spika zangu za mbele ni ile minara mirefu, kila moja ina wufa (koni za besi) mbili, risiva imezipima ikaandika "Kubwa", afu kila ninayemuuliza ananiambia badilisha iwe "Ndogo". Sasa si ni kuzidharau spika? Nilinunua za nini?

#5 Mleta uzi

Hapana mkuu, hakuna anayezidharau. Tatizo ni hayo maneno waliyoyaweka kwenye menyu. Kubwa na Ndogo hapo hayazungumzii kimo cha spika wala bei yake. Swali linaloulizwa ni moja tu: besi ya chini ya spika hii abebe nani? Ukiweka Kubwa unasema abebe mwenyewe mpaka chini kabisa. Ukiweka Ndogo unasema kuanzia masafa fulani kushuka chini mpelekee sabufa.

Sasa fikiria wufa ya inchi 6 na nusu ikiambiwa itoe 25 Hz na wakati huo huo itoe sauti ya mtu anaongea. Inabidi ikimbie mbele na nyuma mwendo mrefu, na hayo maneno yanayopita juu yake yanachafuka. Amplifaya ya risiva nayo inatumia nguvu yake nyingi kwenye besi, ikifika wakati wa kishindo inaishiwa pumzi. Ukihamishia mzigo kwa sabufa ambayo imeumbwa kwa kazi hiyo na ina amplifaya yake, minara yako inapumua, katikati panafunguka, na unaweza kupandisha sauti zaidi bila kuumiza masikio.

Mashine nyingi zikiona spika imeshuka mpaka 40 Hz hivi zinaiandika Kubwa moja kwa moja. Ni maelezo kwamba spika ina uwezo huo, wala haimaanishi ndo mpangilio bora. Na ukumbi wako unaweza kuisaidia besi, spika ikiwa karibu na kona inaonekana inashuka kuliko uwezo wake halisi.

Hayo masafa ya kukatia ndo yanaitwa krosova, na ya kuanzia ni 80 Hz. Hiyo ndo namba ya THX (wale wa viwango vya sauti za sinema) tangu zamani na ina mantiki, chini ya hapo sikio la mtu linashindwa kujua besi inatokea upande gani, hivyo sabufa inaweza kukaa pembeni na bado ukahisi sauti yote inatoka mbele. Spika ndogo ndogo za ukutani zinaweza kutaka 100 au 120, hapo jitahidi sabufa iwe mbele karibu na TV maana ukizidi 100 unaanza kuisikia iko wapi.

Kanuni moja usiivunje: kama mashine imeandika krosova 100, unaweza kupandisha, usishushe. Imepima ikaona chini ya pale spika imeanza kuishiwa, na haikufanya marekebisho yoyote huko chini. Ukishusha unaipa spika kazi isiyoiweza, na hamna anayeifidia.

Na msichanganye krosova na ile setingi nyingine ya LFE, nayo inaandikwa kwa Hz ndo maana inachanganya. LFE ni ile chaneli ya .1 kwenye mfumo wa 5.1 (spika tano na sabufa moja), besi maalum iliyorekodiwa peke yake kwenye filamu, na inafika mpaka 120 Hz. Iache kwenye 120. Ukiiweka 80 ukidhani unailinganisha na krosova, umekata kipande cha filamu ambacho hakiendi popote pengine, kimetupwa. Na ile ya kupeleka besi sehemu zote mbili kwa wakati mmoja, sabufa na spika za mbele, izime. Inavutia dakika tano za kwanza tu, afu unagundua ni uvimbe mtupu.

#6 Mdau

Naongezea hapo kwa mleta uzi, watu wanasahau vile vya kuzungusha nyuma ya sabufa yenyewe. Kile cha krosova cha kwenye sabufa kizungushe mpaka mwisho juu, au kama ina tundu la LFE chomeka huko, maana risiva ndo itakata. Ukiacha cha sabufa kwenye 60 na risiva kwenye 80 umeweka machujio mawili moja juu ya lingine na katikati pana shimo. Fezi (kile cha kulinganisha mwendo wa sabufa na spika zingine) anzia sifuri. Volyumu yake weka nusu hivi ndo upime. Na kama ina ile ya kujizima yenyewe ikikaa kimya, iweke iwake muda wote wakati wa kupima, mimi risiva iliwahi kuniambia haina sabufa kabisa kumbe ilikuwa imelala.

#7 Mdau mwingine

Mimi imeniletea onyo kwamba spika ya kushoto waya zimepishana, chanya na hasi. Nimefungua nimekagua mara tatu, ziko sawa. Nifanyeje?

#8 Mleta uzi

#6 umemaliza kila kitu, asante sana.

#7, ukishakagua pande zote mbili, nyuma ya risiva na nyuma ya spika, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, bonyeza endelea. Kuna spika ambazo kiwandani mojawapo ya wufa imefungwa kinyume kwa makusudi ili ilingane na twita (koni ndogo ya sauti za juu) pale zinapokutana, risiva inaona ile ya kinyume inapiga kelele. Ukuta wa karibu pia unaweza kuidanganya. Ila kagua kweli kweli, usibahatishe, maana zikiwa zimepishana kweli sauti ya mwimbaji inakosa mahali pa kukaa, unaisikia imetawanyika chumba kizima na besi hamna.

Sasa levo. Hapa naomba muwe makini kidogo.

Risiva inataka spika zote zikufikie masikioni kwa nguvu sawa, zikipiga mlio wa kupimia zisome 75 dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti) pale ulipokaa. Iliyo karibu inapunguzwa, iliyo mbali au isiyo na nguvu inaongezwa, ndo maana unaona kushoto -2.5, kulia -1, nyuma +3. Hizo namba kutofautiana ni kawaida, sio kasoro. Cha kuangalia ni namba zilizogonga mwisho. Nyingi zinaruhusu kuanzia -12 mpaka +12, na ukiona sabufa imeandikwa -12 ujue mashine ilitaka kushuka zaidi ikakosa nafasi. Hiyo haijapimwa, imekwama. Punguza volyumu ya sabufa kwa nyuma, rudia kupima.

Na wale wanaoshangaa kwa nini sauti ya risiva inaandikwa kwa kutoa, -30, -20: sifuri pale ni levo ya sinema. Ukifika sifuri baada ya kupima vizuri, unasikia kwa nguvu ile ile waliyosikia walioichanganya ile filamu, ambapo kila spika inaruhusiwa kufika kilele cha 105 dB na chaneli ya LFE 115. Hiyo ni kelele kubwa sana kwa sebule. Wengi tunaishia -20 au -25 na ni sawa kabisa.

Ila hapo hapo ndo linazaliwa lile lalamiko la "baada ya kupima besi imepotea". Fletcher na Munson wa maabara za Bell walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu likisikiliza kwa sauti ndogo linapoteza besi kwanza. Besi iko pale, sikio ndo haliisikii. Kwa hiyo mfumo uliolinganishwa sawasawa kwa sifuri, ukiusikiliza kwa -25 utauona umekonda hata kama kila namba ni sahihi. Kazi ya Dynamic EQ ya Audyssey ni kufidia hilo, kadiri unavyoshusha sauti yenyewe inarudisha besi kidogo kidogo, na inapandisha spika za nyuma pia. YPAO Volume ya Yamaha inafuata wazo hilo hilo.

Kama ukiiwasha unaona besi imezidi hasa kwenye muziki na vipindi vya TV, usiizime haraka. Kuna setingi inaenda nayo, ina 0, 5, 10 na 15. Sifuri ni ya filamu. Muziki wa kisasa na matangazo ya TV hurekodiwa kwa sauti ya juu zaidi, hivyo weka 10 au 15 inatulia. Nilikaa siku nyingi bila kujua hiyo ipo, naumia na habari za saa mbili msomaji ana besi kama yuko ndani ya pipa.

#9 Mdau

Na maneno ya waigizaji je? Hilo ndo kero la nyumba nzima kwangu, tunaishia kuweka maandishi chini hata kwenye filamu za lugha yetu.

#10 Mleta uzi

Maneno karibu yote kwenye filamu yanatoka spika ya katikati, ile senta. Kwa hiyo kabla hujagusa namba yoyote nenda kaiangalie imekaa wapi. Kama iko ndani ya kabati la TV, imesukumwa mpaka nyuma, mbele yake kuna ubao umejitokeza, hapo inaongea ndani ya sanduku. Ivute mpaka uso wake ufike ukingoni mwa rafu, hata itokeze kidogo. Kama iko chini inaangalia magoti yako, weka kitu chini ya upande wa mbele iinuke itazame masikio. Mimi niliweka vipande viwili vya mpira, spika ikainuka kama vidole viwili tu, na ile "s" ya maneno ikarudi. Hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko setingi yoyote.

Baada ya hapo pima upya, ndo uongeze senta 2 dB, ikibidi 3. Ukijikuta unahitaji 6 kuna kitu kingine, pengine krosova ya senta iko chini mno au bado iko sandukuni. Usiku watoto wamelala kuna ile setingi ya kubana tofauti ya sauti ndogo na kubwa, itumie bila aibu, mlipuko unashuka na mnong'ono unapanda. Mchana izime.

#11 Mdau wa siku nyingi

Nimesoma yote, mleta uzi umeeleza vizuri lakini napingana nawe kidogo kwa ulichoacha, ikwalaiza, yaani ile sehemu ya risiva inayopandisha na kushusha masafa ili kufuta uchafu wa chumba. Watu wanadhani ile grafu ya "baada ya kurekebisha" ikinyooka basi chumba kimepona. Hapana.

Chumba kina besi zake kinazozipenda. Chukua urefu wa chumba, zidisha mara mbili, gawanya 343 kwa hiyo namba. Chumba cha mita 5 kinakupa 34 Hz hivi, cha mita 4 ni 43. Masafa hayo yanasimama katikati ya kuta mbili, sehemu moja yanajaa mpaka kifua kinatetemeka, hatua mbili pembeni hayapo kabisa. Ikwalaiza inaweza kushusha palipojaa, na inafanya vizuri sana. Palipo na shimo haiwezi kujaza. Sauti ya spika na ile iliyorudi ukutani zinafutana pale, ukiongeza moja na nyingine imeongezeka kiasi hicho hicho, zinazidi kufutana. Unachosha amplifaya bure.

Dawa ya shimo ni kuhamisha, ama kochi ama sabufa. Ukitaka kujua sabufa ikae wapi ibebe uiweke pale juu ya kochi unapokaa wewe, weka wimbo wenye besi inayotembea noti nyingi, afu wewe tambaa ukutani kwa magoti, sikio likiwa chini. Mahali ambapo noti zote unazisikia sawa sawa, ndo uiweke hapo. Inaonekana ni vituko lakini ni fizikia, njia ya sauti kutoka A kwenda B ni ile ile kutoka B kwenda A. Na kochi lisikae limeegemea ukuta wa nyuma kama nafasi inaruhusu, wala katikati kabisa ya chumba.

Jambo la pili, mimi juu ya 300 Hz hivi siiruhusu mashine iguse. Huko juu unasikia zaidi spika yenyewe kuliko chumba, na kama spika yako ni nzuri aliyeitengeneza alijua anachofanya. Dirac inakuruhusu kuweka mpaka, na wenye Denon na Marantz ile app ya MultEQ Editor inaruhusu pia.

#12 Mleta uzi

Mkuu #11 hapo hatupingani sana, nakubali kuhusu shimo, na nakubali sabufa ihamishwe kabla ya kupima maana baada ya kuhamisha kila kipimo ni batili, unarudia mwanzo. Kwenye 300 Hz mimi niko katikati. Spika zangu za nyuma ni za aina tofauti na za mbele, nikiiacha mashine irekebishe mpaka juu helikopta inazunguka chumba bila kubadilika sauti, nikiikata inakuwa helikopta mbili. Mwenye spika za ukoo mmoja pande zote akate, asikilize wiki moja, aone.

Kuna mtu kaniuliza pembeni kuhusu kukagua kwa app ya simu. Kulinganisha spika kwa spika inafaa, kama kushoto inasoma 68 na kulia 68 basi zimelingana, usihangaike kwamba hazijasoma 75 maana simu haijakalibretiwa. Kwa besi usiiamini kabisa, maiki ya simu imetengenezwa kwa ajili ya kuongea. Ukitaka kuzama zaidi kuna programu ya REW ya bure na maiki ya UMIK-1 inakuja na faili lake la kalibresheni, hapo utaona kila kitu kwa macho yako.

Na tahadhari kwa wanaopenda kusikiliza muziki kwenye ile modi ya moja kwa moja, isiyochezea sauti. Kwenye risiva nyingi hiyo inazima ikwalaiza, na zingine hata kugawa besi zinazima, sabufa inakaa kimya. Usije ukadhani imekufa.

#13 Mdau wa #2

Nimerudi wakuu. Nimefanya yote jana usiku. Stendi, feni zima, watu nje. Nilivyokuwa nimepima mwanzo maiki nilishika mkononi, sikusema hilo kwenye swali langu. Saivi sabufa imeandika mita 5.1, nimeiacha. Mbele zilikuja Kubwa nimeweka Ndogo, krosova 80 zote, nyuma 100 kama ilivyosema yenyewe. LFE 120. Senta nimeivuta ukingoni nikaongeza 2. Kuna kipande cha mvua nakijua vizuri, nimekirudia mara tatu, mwanzo mvua ilikuwa inanyesha ndani ya TV, saivi inanyesha chumba kizima na mtu anaongea katikati yake namsikia kila neno. Mke wangu kauliza umenunua spika mpya?

Swali moja limebaki, levo ya sabufa imekuja -11.5. Niiache au?

#14 Mleta uzi

Hongera sana mkuu, nimefurahi kweli.

Hiyo -11.5 iko nusu dB tu kabla ya kugonga mwisho, kwa hiyo siiamini. Piga picha ya kila ukurasa wa menyu kwa simu kwanza, maana ukirudia kupima vyote ulivyobadilisha kwa mkono vinarudi mwanzo, zile Kubwa zitarudi, senta itapoteza 2 yako. Afu nenda nyuma ya sabufa, rudisha volyumu yake robo ya mzunguko, pima tena sehemu zote. Ikija kati ya -8 na -3 umefika. Lete namba hapa, na uangalie kama ile mita 5.1 ya sabufa imebaki pale pale, volyumu peke yake haitakiwi kuibadilisha.